Habari ya Mtoto Asiyetulia, na Khitilafu ya Watu katika Kumpa Dawa

Baada ya kumshukuru Mola na kumtakia rehema Mtume wake, jua, ewe msomaji, ya kuwa mas'ala tunayotaka kuyaeleza katika kijitabu hiki ni mas'ala ya mtoto asiyeweza kutulia. Kila mwalimu wa chuo amjua mtoto huyo, na kila mzazi mwenye watoto wengi huenda akawa naye mmoja. Huketishwa kitako, na kabla wenziwe hawajafungua juzuu zao yeye amekwisha inuka. Hutumwa dukani vitu viwili, akarejea na kimoja. Huulizwa swali, akalijibu kabla halijesha. Huambiwa angoje, asingoje. Hukatazwa, akaitikia kwa moyo safi, kisha akalitenda lile lile alilokatazwa kabla ya saa kupita.

Huku kwetu pwani jina lake ni mtukutu, na dawa yake iliyozoeleka ni bakora. Na wako wasemao ya kuwa amepagawa, wakampeleka kwa waganga kunyweshwa makombe. Katika nchi za Marekani na Kanada jina lake ni jingine. Huko huambiwa ana maradhi ya upungufu wa makini na wingi wa harakati, ambayo matabibu huyaita kwa herufi nne, ADHD. Na dawa yake mara nyingi ni kidonge.

Basi watu wamekhitilafiana khitilafu kubwa. Wako wasemao: haya ni maradhi ya kweli, na anayemnyima mtoto dawa yake ni kama anayemnyima kipofu mkono wa kumwongoza. Na wako wasemao: hapana maradhi hapa, bali ni utoto uliogeuzwa ugonjwa ili skuli zipate utulivu na wauza dawa wapate mali. Wala khitilafu hii si ya maneno matupu, kwani katikati ya makundi haya mawili yupo mtoto, naye hana ulimi wa kujitetea. Akipewa kidonge asichokihitaji, mwili wake ndio ulipao. Akinyimwa msaada anaouhitaji, maisha yake ndiyo yalipayo. Na ndugu zetu wengi wenye kusema Kiswahili leo wanakaa ng'ambo, na watoto wao wamo katika skuli hizo. Huletewa barua na mwalimu, wasijue wakubali au wakatae.

Kwa ajili hiyo tumeonelea kulieleza jambo hili fasili kwa fasili. Na neno tutakalo kulithibitisha ni moja: maradhi haya yapo, lakini jina lake hupewa wengi wasiostahili na hukosa kufika kwa wengi wanaostahili, basi wajibu wa mzazi na wa mwalimu ni kutoharakisha kulipa wala kutoharakisha kulikana, mpaka mtoto apimwe kwa umri wake na kwa madhara yanayompata.

FASILI YA KWANZA: Katika kueleza maradhi yenyewe

Matabibu wa Marekani wana kitabu chao cha kupambanulia maradhi ya akili, na chapa yake ya 5 ilitoka mwaka 2013. Humo zimetajwa alama 9 za kukosa makini, kama vile kusahau, kupoteza vitu, kutomaliza kazi na kutosikiliza asemeshwapo. Na alama 9 za wingi wa harakati na pupa, kama vile kujitikisa kitini, kukimbia pasipo pahala pake, kusema mno na kutoweza kungojea zamu. Mtoto haitwi mgonjwa ila awe na alama 6 au zaidi katika fungu moja, au katika yote mawili.

Tena yako masharti, na hayo ndiyo watu wayasahauyo. La kwanza, alama hizo zidumu muda usiopungua miezi 6, na ziwe zimepita kiasi cha watoto wa umri wake. La pili, ziwe zimeanza kuonekana kabla hajatimia miaka 12. La tatu, zionekane pahala pawili au zaidi, kama nyumbani na skulini. Kwani mtoto anayetulia nyumbani asitulie kwa mwalimu mmoja tu, huenda kasoro ni ya mwalimu. La nne, ziwe zinamdhuru kweli katika masomo yake au katika kuishi na watu. La tano, isiwe iko sababu nyingine iliyo bora kuyaeleza mambo hayo.

Na hili sharti la tano lataka kufikiriwa sana. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana hasikilizi. Mtoto asiyeuona ubao huonekana hajali. Mtoto asiyelala usiku husinzia au huhangaika mchana. Mwenye njaa, aliyefiwa, na yule ambaye wazazi wake wanagombana kila siku, wote hawa hawawezi kuketi wakafikiri. Tena kuna namna ya kifafa kisichoangusha mtu, ambacho humfanya mtoto akodoe macho kwa nukta chache hali hajitambui, na mwalimu akadhani ameghafilika tu. Hawa wote dawa zao ni nyingine.

Tazama tena, ewe msomaji: katika masharti haya hamna kipimo cha damu wala picha ya ubongo. Mzazi na mwalimu hujaza karatasi ya maswali, na tabibu huisoma, akawauliza na akamtazama mtoto. Hilo peke yake si kasoro, kwani maradhi mengi ya akili hujulikana hivyo. Lakini hukumu iliyosimama juu ya macho ya watu hupotoka macho yao yakipotoka. Na tutaona mbele namna yanavyopotoka.

FASILI YA PILI: Katika asili ya habari hii na asili ya dawa

Watu wengi hudhani ya kuwa maradhi haya yamezuliwa juzi na wenye kuuza dawa. Sivyo. Mwaka 1798 tabibu wa Kiskochi, Alexander Crichton, aliandika habari za watu ambao makini yao haiwezi kukaa juu ya jambo moja, na akasema ya kuwa mtu huweza kuzaliwa nayo hali hiyo. Na mwaka 1902 tabibu wa watoto, George Still, alitoa hotuba mjini London juu ya watoto wenye akili zao timamu ambao hawawezi kujizuia, na ambao adhabu haiwarekebishi. Wakati huo hapakuwa na kidonge cha kuuzwa kwa maradhi hayo.

Dawa yenyewe ilipatikana pasipo kutafutwa. Mwaka 1937 tabibu Charles Bradley alikuwa akiangalia nyumba ya watoto wenye shida za tabia katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Watoto hao walikuwa wakipigwa picha za ubongo kwa njia iliyokuwa ikiwaachia maumivu makali ya kichwa, naye akajaribu kuwapa amfetamini, iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Benzedrine, akitaraji itaondoa maumivu. Vichwa havikupona sana, lakini waalimu wakaona ajabu: katika watoto 30 waliopewa dawa hiyo kwa juma moja, 14 walibadilika mabadiliko makubwa katika kazi zao za skuli, na walipoacha dawa wakarejea walivyokuwa. Watu walistaajabu, kwani dawa iliyojulikana kwa kuamsha mwili ilikuwa imewatuliza watoto wenye vurugu.

Kisha mwaka 1944 mtaalamu wa kemia Leandro Panizzon, katika mji wa Basel nchi ya Uswisi, alitengeneza methilifenideti; na jina lake la biashara, Ritalin, likatolewa katika jina la mkewe, aliyeitwa Rita. Ilianza kuuzwa miaka ya 1950 kwa watu wazima wenye uchovu na unyonge wa moyo, na baadaye ikawa ndiyo dawa mashuhuri ya watoto wasiotulia.

Jina la maradhi pia limegeuka mara nyingi. Mwaka 1968 yaliitwa kwa wingi wa harakati. Mwaka 1980 yakaitwa kwa upungufu wa makini. Na mwaka 1987 majina mawili yakaunganishwa, yakawa hili la leo. Wenye kupinga husema ya kuwa kitu kisichotulia jina si kitu cha kweli. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani hata homa ya malaria watu waliijua kwa majina mengi na kuitia sababu nyingi kabla ya kujulikana mbu wake, nayo ilikuwa ikiua siku zote hizo.

FASILI YA TATU: Katika hoja za wenye kusema ni maradhi ya kweli

Hoja yao ya kwanza ni urithi. Mapacha wa yai moja hushirikiana asili yao yote, na mapacha wa mayai mawili hushirikiana kama ndugu wengine tu. Walipochunguzwa mapacha wengi katika nchi mbalimbali, ilionekana ya kuwa pacha wa yai moja akiwa na hali hii, mwenziwe huwa nayo mara nyingi zaidi kuliko pacha wa mayai mawili. Na kwa hesabu zao, katika tofauti zionekanazo baina ya watu kwa jambo hili, kiasi ya 70 hadi 80 katika 100 hutokana na urithi. Basi asemaye ya kuwa mtoto huyu ameharibiwa na mamake kwa kumdekeza, huyo amemdhulumu mama.

Hoja ya pili ni madhara. Mwaka 2015 wachunguzi wa Denmark walitoa hesabu ya watu zaidi ya 1,900,000 waliofuatwa katika daftari za nchi yao, na ndani yao walikuwamo zaidi ya 32,000 wenye maradhi haya. Wenye maradhi walikufa kiasi ya mara mbili kuliko wasio nayo, na sababu kubwa ilikuwa ajali. Kweli idadi ya waliokufa ilikuwa ndogo, kama 107 tu, na mzazi asishikwe na hofu. Lakini hesabu hii yatosha kuonyesha ya kuwa hali hii si mzaha wa darasani. Mtu asiyeweza kungoja huvuka njia asitazame, na akipanda gari hulikimbiza.

Hoja ya tatu ni wale wasioonekana. Wavulana ndio wanaopewa jina hili kuliko wasichana, na sababu moja ni kwamba mvulana wa namna hii hupindua madawati, na msichana hukaa kimya akitazama dirishani. Huyo hasumbui mtu, basi hapana amwulizaye. Husoma ukurasa mmoja mara nne, asiuelewe. Huitwa mvivu, akaamini ya kuwa ni mvivu, akakua na imani hiyo. Kwa mtoto wa namna hii kosa si kupewa jina upesi, bali ni kutopewa kabisa.

FASILI YA NNE: Katika hoja za wenye kuchelea

Hawa nao wana hoja zao, wala si za kudharauliwa. Ya kwanza ni wingi. Wazazi wa Marekani walipoulizwa mwaka 2022, ilionekana ya kuwa watoto kiasi ya milioni 7 wenye umri wa miaka 3 hadi 17 walikuwa wamewahi kuambiwa wana maradhi haya, yaani kama 11 katika kila 100. Nao walizidi wale wa mwaka 2016 kwa kiasi ya milioni 1. Na katika wale waliokuwa nayo wakati huo, kiasi ya nusu walikuwa wakila dawa. Lakini uchunguzi uliokusanya habari za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2007, ulikadiria watoto kama 5 tu katika 100. Tena ndani ya Marekani yenyewe, katika miaka ya 2016 hadi 2019, liko jimbo lililokuwa na 6 katika 100 na liko lililokuwa na 16. Ubongo wa mtoto haugeuki kwa kuvuka mpaka wa jimbo. Kinachogeuka ni skuli, matabibu, sheria na mazoea ya watu.

Ya pili ni mali na haja. Dawa ikitangazwa kwa wazazi kama sabuni inavyotangazwa, wanunuzi huongezeka. Keith Conners, mtaalamu aliyetunga karatasi mashuhuri ya maswali ya waalimu mwaka 1969, na aliyetumia umri wake kuthibitisha ya kuwa maradhi haya ni kweli, alisimama mwaka 2013 akalalamika hadharani ya kuwa jina hilo sasa hutolewa ovyo, na kwamba huo ni msiba wa taifa. Yeye hakuwa adui wa dawa. Alikuwa mmoja wa waliomfungulia mlango.

Ya tatu ni nguvu ya skuli. Serikali ya Marekani ilibidi, mwaka 2004, kuweka katika sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu kwamba hairuhusiwi skuli kumlazimisha mtoto kula dawa za namna hii ndipo apate kuhudhuria masomo. Sheria haiwekwi kukataza jambo lisilotendeka. Basi mzazi aliyeko huko na ajue ya kuwa mwalimu ana haki ya kumweleza ayaonayo, lakini kumwamuru ampe mtoto kidonge hana haki nayo.

FASILI YA TANO: Katika ushahidi wa miezi ya kuzaliwa

Hii ndiyo fasili iliyo nzito kuliko zote, na mwenye kusoma asiipite upesi.

Katika jimbo la British Columbia, nchi ya Kanada, watoto huingia skuli kwa mwaka wa kuzaliwa, na mpaka wake ni tarehe 31 Desemba. Basi mtoto aliyezaliwa mwanzo wa Januari na aliyezaliwa mwisho wa Desemba ya mwaka ule ule huketi darasa moja, hali mmoja amemzidi mwenziwe kwa karibu mwaka mzima. Kwa mtu wa miaka 40 mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 6, mwaka mmoja ni sehemu ya sita ya umri wake wote.

Mwaka 2012 wachunguzi walitoa hesabu ya watoto 937,943 wa jimbo hilo wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Wakaona ya kuwa wavulana waliozaliwa Desemba walipewa jina la maradhi haya zaidi kuliko wa Januari kwa 30 katika 100, na wasichana kwa 70 katika 100. Na katika kupewa dawa, wavulana walizidi kwa 41 na wasichana kwa 77.

Mtu aweza kusema: huenda mwezi wa Desemba una baridi, au una jambo lake. Jawabu lilipatikana Marekani mwaka 2018. Huko yako majimbo ambayo mpaka wao wa kuingia skuli ni tarehe 1 Septemba. Katika majimbo hayo mtoto wa Agosti ndiye mdogo wa darasa, na mtoto wa Septemba ndiye mkubwa. Ilionekana ya kuwa katika kila watoto 10,000 wa Agosti, 85 walipewa jina la maradhi, na katika watoto 10,000 wa Septemba, 64. Lakini katika majimbo yasiyo na mpaka huo, tofauti ya Agosti na Septemba haikuonekana. Basi sababu si mwezi. Sababu ni kuwa mdogo katika darasa la wakubwa.

Ni nini maana yake? Mwalimu alimtazama mtoto mdogo akamlinganisha na wenziwe walioketi ubavuni mwake, asimlinganishe na umri wake. Akamwona ana pupa, hatulii, husahau. Aliyoyaona yalikuwa kweli, lakini mizani ilikuwa mbovu. Na matabibu wakaipokea mizani hiyo, wakaandika dawa. Baadhi ya watoto hao walikuwa wakitibiwa siku yao ya kuzaliwa.

Wala usidhani ya kuwa hesabu hii yabatilisha maradhi. Wale wa Septemba, wakubwa wa darasa, nao walikuwamo 64 katika 10,000, na hao hapana wa kusema ya kuwa ni wadogo. Hesabu hii yaonyesha mambo mawili kwa pamoja: maradhi yapo, na kuna wasio nayo walioandikwa pamoja na wenye nayo. Mwenye kushika nusu moja ya ushahidi akaiacha nusu ya pili, huyo hakufanya insafu.

FASILI YA SITA: Katika dawa, manufaa yake na mpaka wake

Methilifenideti na amfetamini hufanya kazi kwa kuzidisha ubongoni vitu viwili, dopamini na noradrenalini, ambavyo seli za ubongo huvitumia kupelekeana habari. Vikizidi kwa kiasi kinachofaa, mtu huweza kushikamana na kazi yake na kujizuia. Kwa alama za maradhi, dawa hizi zina nguvu. Hilo halina shaka.

Mwaka 1999 yalitolewa majibu ya jaribio kubwa la Marekani lililowachukua watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 kwa muda wa miezi 14. Waligawanywa mafungu manne: waliopewa dawa kwa uangalizi mwema, waliofundishwa tabia pamoja na wazazi na waalimu wao, waliopewa yote mawili, na walioachwa wapate matibabu ya kawaida ya mji wao. Waliopewa dawa kwa uangalizi, peke yake au pamoja na mafundisho, walipungukiwa na alama kuliko wengine. Lakini mwaka 2007 ilipotolewa hesabu ya watoto hao hao baada ya miaka 3, tofauti ya mafungu ilikuwa imekwisha. Kwani jaribio lilipomalizika kila mmoja alifuata njia yake, wako walioacha dawa na wako walioianza. Kwa hivyo dawa husaidia inapotumiwa na kuangaliwa vema, wala si kitu kinywewacho leo kikamtengeneza mtoto daima.

Tena yako jambo lipasalo kujulikana na kila mzazi atakaye mwanawe afuzu mtihani. Mwaka 2022 William Pelham na wenziwe walitoa habari za watoto 173 wenye maradhi haya, waliofundishwa masomo katika kambi ya likizo, mara wakila dawa na mara wasile. Siku za dawa walitulia zaidi na walimaliza hesabu nyingi zaidi. Lakini walipotahiniwa katika masomo waliyofundishwa, hawakuwa wamejifunza zaidi kuliko siku zisizo na dawa. Dawa humketisha mtoto mbele ya somo. Kufundisha ni kazi ya mwalimu.

Ama madhara yake, yaliyo mengi ni kukosa hamu ya chakula, kukawia kulala, maumivu ya tumbo na ya kichwa, na moyo kwenda mbio kidogo. Watumiao miaka mingi huenda wakapungukiwa na urefu kidogo. Kwa hivyo muongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 umeagiza ya kuwa mtoto aliye chini ya miaka 5 aanziwe kwa kuwafundisha wazazi wake namna ya kumlea. Na aliyezidi hapo asipewe dawa ila baada ya kutengenezewa mambo ya nyumbani na skulini, ikiwa bado anadhurika. Naye akipewa, apimwe urefu kila miezi 6, na mapigo ya moyo na nguvu ya damu vilevile, na kila mwaka iangaliwe tena kama bado anaihitaji.

FASILI YA SABA: Masuali na majibu

Suali: Mtoto akipewa kidonge akatulia, je, si dalili ya kuwa alikuwa mgonjwa?
Jawabu: La. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenziwe waliwapa amfetamini wavulana 14 wasio na maradhi yoyote, na hao nao wakatulia na kushika makini zaidi. Dawa humgeuza mwenye maradhi na asiye nayo. Basi kutulia hakuthibitishi neno.

Suali: Je, dawa hizi si jamaa ya miraa?
Jawabu: Ni jamaa kweli. Ndani ya miraa mna kathinoni, nayo ni karibu sana na amfetamini. Lakini mlaji wa miraa hujipimia mwenyewe na hutafuta raha. Mtoto hupimiwa na tabibu kiasi kidogo cha kumsaidia kazi yake. Hata hivyo ujamaa huo usisahauliwe. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1971 umeitia methilifenideti katika dawa za kulindwa sana. Mzazi na aiweke chini ya kufuli, na mtoto asigawane na mwenziwe hata kimoja.

Suali: Je, ni sukari na peremende zimharibuzo?
Jawabu: Watu wengi husema hivyo. Lakini mwaka 1995 yalikusanywa majaribio 23 juu ya sukari, na haikuonekana kuwa yaharibu mwenendo wa watoto. Sukari ipunguzwe kwa ajili ya meno.

Suali: Na bakora je?
Jawabu: Mtoto huyu hakosi kwa kutojua lililo jema, mwulize, atakueleza vizuri kuliko nduguye. Akosacho ni nguvu ya kujizuia pale pale jambo linapomjia. Adhabu ya jioni kwa kosa la asubuhi haimfikii. Yanayomfaa ni haya: akae mbele, karibu na mwalimu, aagizwe jambo moja kwa wakati, kwa maneno machache, kazi ndefu igawanywe vipande, apewe ruhusa ya kuinuka, hata kwa kutumwa maji, na akitenda vema asifiwe papo hapo, si kesho. Mafundisho ya namna hii kwa wazazi ndiyo wanayoanza nayo matabibu kwa watoto wadogo.

Suali: Mwanangu amekwisha anza dawa, nami nina shaka. Je, niiache?
Jawabu: Usiiache wala usiizidishe kwa rai yako. Mwendee tabibu, umwulize mambo manne: Umempima kwa umri wake, au kwa darasa lake? Ni pahala pangapi alama zimeonekana, na ni nani walioziona? Umeangalia masikio, macho na usingizi wake? Na ni lini tutajaribu kuona kama bado anaihitaji? Tabibu mwema hatakasirika kwa masuali haya. Akikasirika, mtafute mwingine.

KHATIMA

Umeona, ewe msomaji, ya kuwa makundi yote mawili yana fungu la kweli, na makundi yote mawili hukosa yanapodhani fungu hilo ndilo zima. Asemaye hapana maradhi, na akumbuke yule msichana wa dirishani na wale waliokufa kwa ajali. Na asemaye kila asiyetulia apewe kidonge, na awakumbuke watoto wa Desemba.

Mtoto ni amana, na mwenye amana huulizwa. Kumwita mgonjwa kwa kuwa ni mdogo ni dhuluma, na kumwita mtukutu kwa kuwa ni mgonjwa ni dhuluma pia. Njia iliyo baina ya mbili hizo ni kumtazama yeye mwenyewe, kwa umri wake, nyumbani na chuoni, kwa siku nyingi na kwa macho zaidi ya mawili. Kisha kuanza kwa lililo jepesi, na kuiendea dawa pale ambapo madhara yamethibiti na lililo jepesi halikutosha, na kuifuata kwa kipimo na kwa hesabu.

Basi wewe mwalimu usomaye haya, kesho utakapoingia darasani, kabla hujamwita mtoto asiyetulia, mwulize kwanza amezaliwa mwezi gani.

Wassalaam.